Mgonjwa wa presha aangaliwe na macho

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumze na wasomaji, hasa wale wanaomeza dawa za presha kila siku na wale wanaowahudumia.

Kila Mei 17, Siku ya Shinikizo la Damu Duniani, mahema ya upimaji husimamishwa viwanjani na kwenye stendi za mabasi. Hema moja hupima presha, uzito na sukari. La jirani hupima macho na kutoa miwani ya kusomea. Mtu akikutwa na 170 kwa 105 huandikiwa rufaa kwenye hema la kwanza, kisha husogea la pili, akasomeshwa herufi za ukutani, akachaguliwa miwani, akaondoka. Hakuna aliyemulika nyuma ya jicho lake. Vipeperushi alivyopewa vinamtajia kiharusi, moyo na figo, jicho halimo.

Rai yangu ni kwamba mgonjwa wa presha aangaliwe retina, mboni ikiwa imepanuliwa kwa matone, na alichokiona mtaalamu kiandikwe kwenye kadi ile ile anayokwenda nayo kliniki ya presha. Sisemi hivyo kwa kuwa presha hupofusha kila mtu. Wengi wenye presha hawatapofuka. Nasema hivyo kwa kuwa retina humwonyesha tabibu hali ya mishipa midogo ya mwili mzima, na mara nyingine ndiyo inayoamua kama mgonjwa arudi nyumbani na vidonge au alazwe saa hiyo hiyo.

Retina ni utando uliotandikwa ndani ya jicho kwa nyuma, unene wake kiasi cha robo milimita. Ndio unaopokea mwanga na kuupeleka ubongoni kupitia neva ya jicho. Tabaka zake za ndani hupata damu kutoka ateri moja, yaani mshipa unaoleta damu, inayoingia pamoja na neva hiyo, kisha hugawanyika matawi manne: mawili juu na mawili chini, upande wa pua na upande wa sikio. Matawi hayo yanapoanza safari upana wake ni takriban sehemu ya kumi ya milimita, na yanazidi kuwa membamba kadiri yanavyokwenda mbali. Kila tawi lina eneo lake. Likiziba, hakuna njia ya mchepuko. Tena mishipa hiyo haiongozwi na neva kama mishipa mingine mingi. Hujibana na kujilegeza yenyewe kufuatana na msukumo wa damu unaopita ndani yake. Tangu Hermann von Helmholtz wa Ujerumani alipotangaza kifaa chake cha kuchungulia jicho mwaka 1851, hapa ndipo mahali ambapo daktari anaweza kuiona mishipa midogo ikiwa hai, damu ikipita, bila kukata ngozi. Na kwa kuwa retina huchipuka kutoka ubongo mtoto akiwa bado tumboni, mishipa yake ni ndugu wa karibu wa mishipa midogo ya ubongo.

Presha ikipanda na kukaa juu, jambo la kwanza ateri hizo hufanya ni kujibana. Hiyo ni kinga: zinazuia msukumo mkubwa usifike kwenye kapilari, mishipa midogo kabisa ambayo kuta zake ni safu moja tu ya seli. Katika hatua hii mgonjwa haoni tofauti yoyote, na presha ikishushwa mishipa inaweza kulegea tena. Ikiachwa miezi na miaka, ukuta wenyewe hubadilika. Tabaka la ndani hunenepa, misuli ya ukutani huongezeka kisha huanza kuchakaa na kuwa migumu, na njia ya damu hubaki nyembamba.

Ukuta wa ateri yenye afya hauonekani kabisa. Tunachokiona ni damu inayopita, na katikati yake mstari mwembamba unaong'aa. Ukuta ukinenepa, ule mng'ao hutanuka na ateri ikachukua rangi ya waya wa shaba. Ukinenepa zaidi, damu haionekani tena, mshipa ukabaki mweupe kama waya wa fedha. Hapo kushusha presha huzuia yanayokuja. Hakurudishi ukuta ulivyokuwa.

Sehemu ninayotaka wasomaji waielewe vizuri ni pale ateri inapopishana na vena, mshipa unaorudisha damu. Kwenye makutano hayo viwili hivyo hufungwa ndani ya ala moja, na mara nyingi ateri ndiyo iliyo juu. Ateri ikiwa ngumu huigandamiza vena, kama gurudumu la gari lililosimama juu ya mpira wa maji. Anayechungulia huona vena ikifika kwenye makutano, ikiwa nyembamba ghafla kila upande wa ateri, au ikipinda kona ambayo haikuwa yake. Marcus Gunn, daktari wa macho wa London, aliyaeleza mabadiliko haya mwishoni mwa karne ya 19, na mpaka leo makutano yanaitwa kwa jina lake. Damu inayochelewa kwenye makutano hayo inaweza kuganda. Ikiganda, vena huziba, na damu iliyo nyuma yake huvuja katika eneo lote ambalo vena hiyo hukusanyia.

Hivyo ndivyo mtu anavyoamka asubuhi na kukuta robo ya jicho moja ina ukungu, hakuna maumivu, hakuna wekundu, hakuna machozi. Mara nyingi hata hatambui siku hiyo, kwa sababu jicho la pili linamfichia. Hugundua wiki kadhaa baadaye, siku anapofunga jicho zima kwa bahati tu, labda akijipangusa jasho. Mwenzake aliyezibwa vena kuu, badala ya tawi, hupoteza zaidi: retina nzima hujaa damu, na ikikosa hewa kwa muda mrefu huanza kuotesha mishipa mipya hata mbele ya jicho, juu ya ile duara yenye rangi. Mishipa hiyo huziba njia ya maji ya jicho na kuleta glakoma, yaani msukumo mkubwa wa maji ndani ya jicho, yenye maumivu makali, mara nyingi mnamo miezi mitatu hivi tangu vena izibe. Jicho linalofikia hapo mara nyingi halina tena cha kuokolewa zaidi ya kutuliza maumivu.

Tiba ya vena iliyoziba ipo. Retina ikiwa imevimba katikati, yaani kwenye makula, sehemu tunayotumia kusomea na kutambua sura za watu, huchomwa sindano ya dawa ndani ya jicho. Kwa kawaida hurudiwa kila mwezi mwanzoni, kisha kwa nafasi ndefu zaidi. Leza ina kazi yake pia, hasa mishipa mipya inapoota. Lakini hizo ni huduma za hospitali chache kubwa, kama Muhimbili na CCBRT hapa Dar es Salaam na KCMC kule Moshi. Sindano moja haimalizi kazi, na nauli ya mtu wa Sumbawanga kwenda na kurudi kila mwezi kila mmoja anaweza kuipigia hesabu. Kidonge cha presha ni rahisi kuliko yote hayo.

Presha ikipanda kupita uwezo wa ateri kujibana, ukuta hupasuka kimyakimya na vilivyomo huanza kuvuja. Damu ikivuja kwenye tabaka la juu la nyuzi za neva hutandaa kufuata nyuzi hizo, kwa hiyo doa lake huwa refu lenye ncha, mfano wa mwali wa moto. Ikivuja tabaka za chini huwa doa la mviringo. Maji na mafuta ya damu huacha chembe za njano, na zikijipanga kuzunguka makula huchora nyota. Sehemu iliyokosa damu kabisa huvimba na kuonekana kama kipande cha pamba. Wagonjwa wengine huliona hilo kama kivuli kidogo kisichoondoka. Wengi hawaoni chochote. Mwisho wa yote ni kichwa cha neva ya jicho kuvimba, mipaka yake ikapotea.

Mwaka 1939 madaktari Keith, Wagener na Barker wa hospitali ya Mayo Clinic, Marekani, waliyapanga mabadiliko hayo katika madaraja manne, kuanzia ateri kujibana hadi neva kuvimba. Wakati huo hapakuwa na dawa za maana za presha, kwa hiyo takwimu zao zinaonyesha ugonjwa ukijiendea wenyewe. Kati ya kila wagonjwa 100 wa daraja la kwanza, 70 walikuwa hai baada ya miaka mitatu. Wa daraja la nne, 6 tu. Siku hizi wengi hutumia mpangilio wa hatua tatu uliopendekezwa na watafiti Wong na Mitchell mwaka 2004: dalili ndogo, za wastani na kali. Mimi naupenda zaidi huo, kwani daraja la kwanza na la pili la zamani yanagombanisha hata wataalamu wawili wakiangalia jicho moja, na ateri za mtu mwenye miaka 70 hunywea kwa umri peke yake. Damu, pamba na neva iliyovimba hazina ubishi wa namna hiyo. Utafiti wa ARIC nchini Marekani, uliowafuatilia watu zaidi ya 10,000, ulikuta waliokuwa na dalili za kuvuja kwenye retina walipata kiharusi zaidi ya mara mbili ya wasiokuwa nazo, hata baada ya kiwango chao cha presha kuzingatiwa.

Sasa nije kwenye jambo linalotendeka kila siku kwenye zahanati na maduka ya dawa. Wanaletwa wagonjwa wawili, wote wana 200 kwa 125. Wa kwanza aliacha vidonge mwezi mzima, kichwa kinamuuma kidogo, macho yake yakichunguzwa ni safi. Wa pili anaona ukungu, na retina zote mbili zina damu za miali, pamba, na neva imevimba. Namba ni zile zile. Wagonjwa si sawa. Wa kwanza anahitaji kurudishiwa dawa za kumeza na presha yake ishuke ndani ya siku kadhaa, akifuatiliwa. Wa pili ni dharura: kinachotokea kwenye retina yake kinaweza kuwa kinatokea kwenye ubongo na figo muda huo huo. Alazwe, apimwe mkojo na kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha kazi ya figo, na presha ishushwe chini ya uangalizi. Bila kuangalia jicho, kuwatofautisha hawa ni kubahatisha.

Na hata huyo wa pili hashushwi kwa pupa. Kanuni inayofuatwa kwa wagonjwa wengi wa aina hii ni kutoshusha zaidi ya robo ya wastani wa presha katika saa ya kwanza, kisha kuelekea 160 kwa 100 katika saa mbili hadi sita zinazofuata. Sababu yake iko kwenye mishipa ile ile inayojiongoza yenyewe. Mtu aliyeishi na presha ya juu muda mrefu, ateri zake zimezoea kufanya kazi katika msukumo mkubwa. Ukiuondoa ghafla haziwezi kulegea vya kutosha, na kichwa cha neva ya jicho hukosa damu. Mgonjwa aliyeingia anaona ukungu anatoka haoni kabisa, na upofu huo kwa kawaida hauponi. Ndiyo maana ile tabia ya kumtobolea mtu kidonge laini cha nifedipini na kumdondoshea chini ya ulimi iachwe. Hushusha presha haraka, haitabiriki itaishia wapi, na imeshaleta viharusi na mshtuko wa moyo. Vivyo hivyo kwa aliyesahau dawa ya asubuhi: asimeze dozi mbili kwa pamoja usiku eti kufidia. Presha ya mwili hushuka yenyewe mtu akilala.

Wajawazito wana hesabu yao. Mimba ikishapita wiki 20, presha ikafika 140 kwa 90 na mkojo ukawa na protini, huo ni mwanzo wa kifafa cha mimba mpaka ithibitishwe vinginevyo. Mama akisema anaona vimulimuli, madoa meusi au ukungu, asiambiwe ni uchovu wala asipewe miadi ya wiki ijayo. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, kwa kuwa dalili za macho mara nyingi hutangulia degedege. Kwa wengine, tabaka la mishipa lililo nyuma ya retina hukosa damu, maji yakakusanyika na kuibandua retina. Inatisha kuiona, lakini kwa kawaida hujilaza tena wiki chache baada ya kujifungua bila upasuaji. Kinachookoa hapo ni tiba ya kifafa cha mimba na kuzaa kwa wakati.

Mwenye kisukari na presha kwa pamoja ana sababu mbili za kuvujiwa. Utafiti mkubwa wa Uingereza wa UKPDS, uliotoa majibu yake mwaka 1998, uliwafuatilia wagonjwa 1,148 wa aina hiyo. Waliodhibitiwa presha kwa ukali zaidi walifikia wastani wa 144 kwa 82, wenzao 154 kwa 87. Tofauti hiyo ya pointi 10 juu na 5 chini ilipunguza kuendelea kwa ugonjwa wa retina kwa asilimia 34, na kupungua kwa uwezo wa kuona kwa asilimia 47. Kwa wagonjwa hawa uchunguzi wa retina kila mwaka hauna mjadala.

Kuna mkanganyiko unaotupotezea wagonjwa. Mtu akiambiwa "presha ya macho iko sawa" hutoka akiamini mishipa yake imeangaliwa. Hapana. Kilichopimwa ni msukumo wa maji yaliyo ndani ya jicho, jambo la glakoma, na hupimwa kwa kugusa au kupuliza mbele ya jicho. Presha ya damu ni nyingine, na kupata miwani ni jambo la tatu kabisa. Mtu anaweza kusoma mstari wa mwisho wa ubao wa herufi akiwa na damu zimetapakaa kwenye retina, ilimradi hazijagusa makula.

Uchunguzi wenyewe hauchukui muda mrefu. Kwanza kila jicho hupimwa uwezo wa kuona peke yake, kabla ya matone. Kisha hudondoshewa tropikamidi ya asilimia 1, tone moja kila jicho. Macho yenye rangi nyeusi kama yetu hupokea taratibu, kwa hiyo mara nyingi tone la pili huhitajika baada ya dakika chache, na mgonjwa husubiri dakika 20 hadi 30. Matone ya feniliefrini ya asilimia 10 yasitumiwe kwa mgonjwa wa presha, kwani yanaweza kuipandisha vibaya. Hili naliandika kwa herufi za kawaida lakini lisomwe kwa sauti kwenye kila kliniki ya macho. Mgonjwa ataona ukungu wa karibu na kuumizwa na jua kwa saa nne hadi sita. Aje na mtu, aje na kofia, asiendeshe gari wala bodaboda mpaka ukungu uishe. Akipata maumivu makali ya jicho, kichefuchefu na kuona duara za rangi kuzunguka taa jioni hiyo, arudi mara moja, maana kwa wachache kupanuka kwa mboni huziba njia ya maji ya jicho.

Kwa matabibu wenye kifaa kidogo cha mkononi kinachokaa kabatini: fifisha mwanga wa chumba, mgonjwa atazame kitu cha mbali, tumia jicho lako la kulia kwa jicho lake la kulia. Anza umbali wa mkono, kwa pembe ya kama digrii 15 kutoka upande wa sikio, mpaka uone mng'ao mwekundu. Usipouona, huenda ana mtoto wa jicho, na hilo nalo ni jibu. Sogea hadi karibu kugusana, zungusha lenzi mpaka mishipa ikae sawa, kisha ufuate tawi lolote kurudi linakotoka. Litakufikisha kwenye kichwa cha neva. Angalia mipaka yake. Kutoka hapo fuata kila tawi mpaka mwisho wa upeo wako, ukilinganisha ateri na vena jirani. Kawaida ateri ni mbili, vena ni tatu kwa upana. Ukiona vena ni pana mara mbili ya ateri au zaidi, ateri imenywea. Simama kwenye kila makutano. Makula iache mwisho, kwa kuwa mwanga pale humkera mgonjwa akafumba. Pasipo na mzoefu, kamera ndogo ya kushikiza kwenye simu inaweza kupiga picha ikasomwa kwingine. Kifaa cha aina hiyo kilijaribiwa kaunti ya Nakuru, Kenya.

Ila si kila pamba ni ya presha. Virusi vya Ukimwi huleta pamba zile zile, upungufu mkubwa wa damu huleta miali, sikoseli na saratani ya damu zina alama zao. Ukikuta pamba kwa mtu mwenye 130 kwa 80, usimwandikie amlodipini ya presha. Mpime VVU, wingi wa damu na sukari.

Hayo yote yanaanzia kwenye namba sahihi, na namba nyingi tunazoletewa si sahihi. Mgonjwa akae dakika tano kimya, mgongo umeegemea, nyayo zote sakafuni, miguu isipishane. Kahawa na sigara viwe mbali kwa nusu saa kabla, kibofu kiwe kitupu. Mkono uegeshwe usawa wa moyo, mkanda uvalishwe kwenye ngozi, si juu ya shati, na mpira wa ndani uzunguke angalau asilimia 80 ya mkono. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene husoma juu kuliko ukweli, na wapo wanaotumia dawa kwa sababu ya mkanda. Pima mara mbili au zaidi, rudia siku nyingine; 140 kwa 90 ikijirudia, hiyo ni presha.

Kuhusu dawa nitasema machache. Amlodipini huvimbisha miguu baadhi ya watu, enalaprili na kaptoprili huleta kikohozi kikavu. Mgonjwa asiache kimya kimya, aende abadilishiwe, ziko nyingine. Aliyezoea diklofenaki ya mgongo amweleze tabibu, kwa kuwa hupandisha presha. Chumvi ya siku nzima isizidi gramu 5, kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, na humo mna ya ng'onda, ya achari, ya mkate na ya vidonge vya mchuzi. Magadi tunayolainishia maharage na mlenda nayo ni sodiamu. Presha ikidhibitiwa, pamba hufifia ndani ya wiki sita hadi 12, neva iliyovimba huchukua wiki kadhaa, chembe za njano huchukua miezi.

Nyumbani, kila mwenye presha anaweza kujikagua kwa daftari la hesabu lenye miraba. Weka nukta nyeusi katikati ya ukurasa, vaa miwani yako ya kusomea, lishike umbali wa sentimita 30, funika jicho moja na utazame nukta. Mistari ikipinda, ikivunjika au sehemu ikikosekana, nenda kliniki ya macho wiki hiyo hiyo. Rudia jicho la pili. Kipimo hiki hushika matatizo ya katikati tu, hakichukui nafasi ya kumulikwa.

Najua wataalamu wa macho hawatoshi, na sitarajii kila aliyekutwa na 142 kwa 91 apate nafasi kesho. Kwa hiyo tuanze na wenye 160 kwa 100 na kuendelea, wenye kisukari pamoja na presha, wenye ugonjwa wa figo, wajawazito wenye presha, vijana wa chini ya miaka 40, na yeyote anayelalamikia kuona. Aliye safi na presha yake imetulia hahitaji kurudi kila mara. Aliyekutwa na damu au pamba aonwe tena ndani ya wiki chache. Wizara na halmashauri zinapochapisha upya kadi za kliniki za magonjwa yasiyoambukiza, ziongeze mstari mmoja chini ya safu ya presha: tarehe, uwezo wa kuona wa kila jicho, mboni ilipanuliwa au la, ateri na makutano, damu au pamba, kichwa cha neva, na presha ilivyosoma siku hiyo. Kadi za sasa zikiwa bado hazijaisha, pembeni ya ukurasa panatosha kuandika hayo.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mhudumu wa kliniki ya macho,
Dar es Salaam